Plagi ya Manjano

Ilianza Utena, Novemba, asubuhi ya barafu ya kwanza:
kwenye dashibodi ya Passat ya mwaka tisini na nane
kimtu chekundu kimeketi, duara kubwa kifuani,
kama kilichopakatishwa tikiti kisiloliomba.
Hakikuzimika.
Tukafika nacho hospitali, tukarudi nacho.
Mama alikitazama kwa jicho moja, akasema,
"Uso wa marehemu baba yako huo.
Amenuna, na sababu hasemi."

Jirani yangu Gintautas, wa gereji ya tatu kutoka mwisho,
alikuja na bisibisi na ushauri.
"Ing'oe balbu. Mkaguzi anataka giza, mpe giza."
Nikakumbuka wodini, zamu za usiku,
wagonjwa wanaotuapia hawaumwi popote
ili tuwaache waende nyumbani,
na kilio kinachokuja baadaye kututajia ugonjwa.
Tena mkaguzi si mjinga. Ukiwasha gari,
taa hiyo hujitokeza kwanza, hujitambulisha, ndipo huaga.
Isipojitokeza kabisa, kuna mtu amedanganya.

Basi Jumamosi. Spana namba kumi.
Nikaufungua waya hasi wa betri, nikauviringia kitambaa,
nikasubiri nusu saa,
maana mfuko ule una baruti yake na umeme wa akiba,
na hautofautishi mti wa barabarani
na kidole cha muuguzi.
Mita niliiacha ndani makusudi.
Huku hakupimwi kwa kuchokoachokoa.

Nusu saa gerejini ni ndefu.
Nilihesabu mitungi ya matango: ishirini na sita.
Niliuwaza ule utepe ndani ya usukani,
unaojikunja na kujikunjua kila kona tangu kiwandani,
nikanong'ona: usiwe wewe, usiwe wewe,
bei yako siiwezi.

Kisha magoti sakafuni, shavu juu ya zulia, tochi mdomoni.
Chini ya kiti cha abiria:
glavu moja,
risiti kumi na nne za maegesho ya hospitali,
betri ya kifaa cha kusikia, ndogo kama dengu,
pipi ya mnanaa iliyoota manyoya.
Na pale, plagi ya manjano, imechomoka nusu,
waya wake umekazwa
kama kamba ya mbuzi aliyefika mwisho wa malisho.

Nilielewa papo hapo.
Jumanne na Ijumaa, miaka miwili,
ninakisukuma kiti nyuma hadi kikome
ili goti la Mama lisilokunjika lipate kuingia,
kisha mbele, miguu yake ifikiwe na joto.
Nyuma, mbele. Nyuma, mbele.
Ni mimi.
Kwa kumpa nafasi nilikuwa ninamnyang'anya mto.

Nikayasugua meno ya plagi kwa mswaki mkavu,
nikaisukuma mpaka ikasema ta!
nikaulegeza waya, nikaufunga upya mbali na reli.
Betri. Ufunguo.
Kimtu kikawaka.
Kikaendelea kuwaka.
Hapo nilitukana. Kilithuania chetu hakina matusi ya kutosha,
tunaazima kwa majirani; siku hiyo niliazima mengi.

Rokas, kijana wa nyuma ya kituo cha mabasi,
alichomeka kompyuta yake chini ya usukani.
"Limepona," akasema, "ila halijaambiwa.
Hukumbuka jeraha mpaka mtu alifutie."
Euro kumi.
Nikawasha. Moja, mbili, tatu, nne,
kimtu kikaondoka na tikiti lake.

Jumanne, barafu tena.
Nakivuta kiti nyuma polepole,
mkono mmoja chini nikiuongoza waya
kama mrija wa dripu.
Mama amesimama na mkongojo, pumzi yake moshi.
"Unatafuta nini huko?"
"Pipi yako."
"Ile ya mnanaa?" akasema,
na kiganja tayari amekinyoosha.