Kurasa Kumi na Sita

Kurasa kumi na sita, pini mbili mgongoni.
Bei: shilingi elfu moja, au mayai mawili.
Picha ni za Egesa, mpaka rangi
wa vibao vya vinyozi njia ya Majanji,
ndiyo maana kila mtu kitabuni amenyolewa vizuri,
hata wapagazi wa enzi za misafara.

Ukurasa wa tatu, mstari unazaliwa:
mzungu, mnyororo wa kupimia, mbwa mmoja.
Egesa aliuchora kwa wino mwekundu,
na wino ukavuja hadi ukurasa wa nne,
ukapita katikati ya jiko la mama
anayesonga ugali wa mihogo na wimbi.
Nikasema, usiufute.

Ukurasa wa saba ulinitoa jasho. Magendo.
Watoto wa darasa la tatu, jamani!
Nikaandika: *Usiku watu walibeba kahawa.*
Nukta. Nikafungua ukurasa wa nane kwa haraka,
kwenye baiskeli za viti vya sponji
na vijana wanaoita *boda, boda*,
neno lililozaliwa huku kwetu Busia,
likaenda Kampala, likanunua pikipiki,
halijarudi hata kutusalimia.

Ijumaa nikawasomea, mvua ikipiga bati.
Taaka akainua mkono kutoka dawati la nyuma.
"Mwalimu, hapa umeruka.
Bibi aliibeba kahawa mgongoni,
kaifunga kwa leso, kaifunika kichwa.
Askari alipommulika tochi
akaanza kuibembeleza: nyamaza, nyamaza,
homa itapoa. Kilo kumi na mbili!
Askari akamwambia, pole mama, pita."

Darasa zima likacheka.
Mimi nilikuwa nauona mto Sio,
mto ambao hata jina lake linakana,
na mwanamke ndani yake, maji kiunoni,
akiendelea kuimba ingawa tochi imeshazimwa.

"Na yule mama wa jikoni," Taaka akauliza,
"moto wake uko Uganda au Kenya?"
Kengele ikaniokoa.

Nakala themanini zilikuwa zimeshabanwa.
Usiku nikazing'oa pini kwa kisu cha mezani,
moja moja, kidole kikatoka damu,
nipachike karatasi moja zaidi katikati.
Swali la moto sijalijibu. Limo humo, bila jibu.

Egesa alikuja alfajiri, penseli sikioni.
Akamchora bibi, akachora leso, tochi, nyasi za mtoni.
Kisha akasimama.
"Mwalimu, hii kahawa
uso wake niuchoreje?"

Nikamwambia: mchore amelala.