Namba Saba Mbele

Lilikufa Kibarani, saa kumi na moja kasorobo alfajiri,
na boflo mia tatu na arubaini tumboni mwake,
za moto bado.
Halikulalamika sana. Lilibisha mara mbili
kama mgeni anayejua wenyewe wamelala,
kisha likatema kitu cha chuma barabarani,
na oili ikafuata, nyeusi, bila haraka,
ikiitafuta bahari.

Kilomita elfu thelathini na nane.
Mkopo wa sako, miezi ishirini imebaki.
Shekuwe, utingo wangu, alisimamisha tuktuk tatu,
tukapakia mkate gizani. Haukutosha kufika.
Magongo siku hiyo walikunywa chai bila kitu.

Fundi Mwadime wa Jomvu alifungua, akanyamaza.
Fundi akinyamaza, shika mkoba wako.
Akaniwekea konrodi kiganjani, vipande viwili:
"Hii haikuchoka, mama. Hii ilizaliwa na ufa."

Shimanzi, ofisi yenye baridi ya kuhifadhia samaki,
Bwana Oyaro ananiita mteja wetu mpendwa
na kufungua kitabu cha dhamana.
Huduma ya tatu ulichelewa, Bi Shamsa. Kwa kilomita mia sita.
Ilikuwa Ramadhani, nasema,
mji mzima ulitaka mkate kabla ya adhana ya magharibi.
Anapekua. Kitabu hakina Ramadhani.
Tena oili ulinunua kwingine.
Risiti hii. Chapa ile ile, kopo lile lile, duka la Mwembe Tayari.
Duka hilo hatulijui.
Nalijua mimi. Liko pale tangu sijaolewa.

Tulifunzwa ahadi ni deni.
Hapa ahadi ina kurasa mia na nne,
na deni ni langu.

Kisha ikaja barua. Si kwangu:
kwa Mwalimu Nyevu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, Tudor,
mwenye gari kama langu, jeupe kama langu,
linalokwenda shule na kurudi, na Jumapili kanisani.
Kiwanda hakisemi "tumekosa". Kinasema "tahadhari".
Magari yote hadi chasisi 4410 yarudishwe,
yabadilishwe konrodi, bure,
na samahani kwa usumbufu.
Lake ni 4409.
Langu ni 4417.

Namba saba mbele.
Usiku, nikingoja unga uumuke, nawaza:
kulitokea nini kati ya 4410 na langu?
Kengele ya chakula ililia? Mtu alinawa mikono, akarudi,
na chuma kikatubu?
Hamira ikiwa mbovu, Bwana Oyaro,
mkate wa kumi na wa kumi na saba ni ndugu.
Mimi ni mtu wa tanuri.
Najua kilichoungua na kilichounguzwa.

Alitazama dirisha. Kisha, kwa sauti ya chini:
"Mamangu hununua boflo zako.
Lakini mfumo haukubali."

Mwalimu Nyevu alikwenda na gari zima,
akarudi na gari zima zaidi.
Jioni alinijia kwa mlango wa nyuma, ana haya,
kitu kizito ndani ya kanga:
konrodi yake ya zamani. Aliiomba, wakampa.
Haina hata mkwaruzo.

Tuliziweka juu ya meza ya kukandia, yake na vipande vyangu.
Mafuta yalikuwa yameziba kila kitu.
Sijui kwa nini nilichota unga. Mazoea ya mkono.
Nikazipangusa nao,
na unga ukaingia penye mihuri, ukabaki,
herufi zikatoka nyeupe:
yake, K na 2 na 6.
Yangu, K na 2 na 6.

Mwalimu akavuta kiti, akakaa.

Jumatatu nazifunga kwa gazeti la jana
kama boflo mbili za mapema.
Nitaziweka kaunta, mbele ya beji na kitabu,
na sitasoma ukurasa wowote.
Nitamwambia tu: onja.