Jicho la Upepo

Dhoruba ya Jumanne ilivunja kioo cha jikoni
kwa Bi Osla Mouat, kisiwani Yell,
kaskazini ya Uskoti, kule ramani inapoishiwa karatasi.
Alhamisi akaja fundi, Bogumil, mzaliwa wa Poland,
penseli sikioni,
akaanza kung'oa vigae kimoja kimoja
kama anayetoa miiba ya samaki kinywani mwa mtoto.

Neno la Kiingereza ni window.
Litamke haraka, sikio la Mswahili litasikia windo
na kuuliza nani anamwinda nani.
Litamke polepole, linapasuka katikati:
kipande cha kwanza upepo,
cha pili, kilicholika kama kisigino cha kiatu, jicho.
Walilileta mabaharia wa Norwei,
watu wa kuta za mawe na paa za nyasi,
kioo hawakuwa nacho, tundu tu huko juu:
moshi utoke, mwanga uingie,
upepo uchungulie nani kalala na nani anaumwa.
Vindauga, walisema. Jicho la upepo.
Sisi tunalo jicho la maji;
tusiwashangae waliompa upepo lake.

"Kwenu mnaliitaje?" Osla aliuliza.
"Okno. Ndani yake kuna oko, jicho."
"Na upepo mliuacha wapi?"
Bogumil akacheka. Aliwahi kujenga Almería, miaka mitatu.
"Wanao Wahispania. Ventana, wanasema,
na upepo mzima umo humo."
Basi huyu ana jicho, yule ana upepo,
kama warithi waliogawana shamba bila kujuana.
Langu mimi, dirisha, lilitoka Uajemi
likiwa mlango mdogo tu.
Halidai kuona. Linadai mtu apite.

Macho hayana pazia, twasema.
Ya Osla yanalo:
mtoto wa jicho, mwaka wa tatu sasa,
na foleni ya hospitali haisogei.
Kioo kilipokuwa kizima, dirisha lake
lilikuwa ukungu uliotiwa fremu.

Sasa fremu ilikuwa tupu.
Upepo ukaingia bila hodi,
ukafunua kalenda mpaka Oktoba,
ukaipoza chai,
ukaleta sufu mbichi, mwani, dizeli.
Osla akainua kidevu.
"Kivuko kimechelewa," akasema.
"Kondoo wa Inkster wametoroka tena, wako upande wa kanisa.
Na kuna mtu ameanika mashuka, mjinga huyo,
mvua iko nyuma ya kilima."
Bogumil akachungulia.
Mashuka aliyaona. Kondoo pia.
Mvua hakuiona, ila alimwamini.

Kioo kipya kilikuwa tayari mikononi mwake,
kizito, kingo zake kali.
"Ngoja kwanza," Osla akasema.
Akangoja.
Vidole vikafa ganzi. Sahani moja ikadondoka rafuni,
hakuna aliyeiokota.
"Tayari?"
"Bado."

Mvua ilipofika, ilimfikia usoni.
"Haya," akasema, "fumba."

Bogumil akapachika kioo,
akakandika puti kwa dole gumba, pande nne.
Pembeni, chini kushoto, alama ya dole imebaki.
Osla huipapasa anapoosha vyombo,
huku upepo, nje, ukigongagonga
kama mtu aliyesahau miwani yake ndani.