Daftari la Maji

Kaja Azzan na kazi ya shule, kurasa mbili:
dini na nafasi yake katika historia ya dunia.
Ana miaka kumi na sita na haraka zake,
anataka nimtajie wafalme, vita, tarehe,
nani alivuka na kitabu mkononi, nani na upanga.
Nikamwambia, kanawe mikono.

Chini ya kasha la babu, chini ya sanda
aliyojinunulia mwenyewe asiivae
(alifia Dubai, hospitali wakamvika yao),
limelala daftari la wakfu wa falaji letu hapa Ibra.
Ngozi imekauka kama ganda la komamanga.
Mchwa wamelisoma kabla yetu:
majina ya watu wameyala, Bismillahi wameiacha.

Nasoma Kiarabu, namfasiria kwa Kiswahili,
lugha ambayo mama aliitoa Wete
pamoja na cherehani, na hakuna kingine.

Nusu saa ya maji, usiku wa Jumanne:
mafuta ya taa ya msikiti wa juu.
Mtende mmoja wa mabsili:
futari ya mpita njia.
Robo saa:
sindano ya kutolea miiba,
ining'inie ukutani kwa uzi,
na aliyechomwa asiulizwe kabila.

Azzan akacheka. Sindano, shangazi?
Sindano. Mtu anakata roho,
Pepo iko mlangoni inamngoja,
naye anafikiria nyayo za watu.

Ukurasa wa kumi na tisa hakucheka.
Wino uleule wa masizi,
mkono uleule wa Muhenna bin Sulayyim,
mwandishi hodari, nuni zake kama vikombe vya kahawa:
*Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ameuzwa mjakazi,
jina lake Zafarani, meno kamili,
kwa reale themanini na tano.*
Mashahidi wawili, wacha Mungu.

Na chini yake, miaka kumi na mmoja imepita:
*Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Zafarani ni huru,
kwa kutaka radhi za Mola,
kiungo kwa kiungo, kinga ya moto.*

Bismillahi ni ileile?
Ileile. Pima mwenyewe kwa rula.
Na huyo Zafarani ndiye mama wa bibi yake babu yako.
Kijana akatoa simu, akafungua kamera,
akajitazama pua.

Na dunia, shangazi? Mwalimu kasema dunia.
Nikamwambia: Sohar, kabla yetu, walisali chini ya msalaba.
Maskati mpaka leo kengele ya Mabaniani inalia.
Wareno nao walipiga magoti ngomeni,
mizinga imepoa nyuma yao.
Kila mmoja ana daftari lake mahali.
Litafute ukurasa wa sindano,
ukiupata usifunge. Fungua unaofuata.

Alikaa kimya, kalamu inamtafuna
badala ya yeye kuitafuna.
Nje ilikuwa zamu yetu ya maji:
Shofikul kavua ndara, kazibua mlango wa mfereji
kwa kitambaa na jiwe, kama anavyofanya
mwaka wa saba sasa,
na maji yakaja yakinong'ona chini ya ndimu.

Shangazi, akasema, pasi ya Shofikul iko wapi?

Nilijua iko wapi. Naye alijua.
Droo ya baba yake, upande wa kulia,
chini ya misbaha na bili za umeme.

Ikaadhiniwa Magharibi.
Shofikul, miguu bado ina tope pembeni mwa kucha,
alitangulia, akasimama safu ya mbele.
Kaka yangu akaja akasimama kando yake,
bega kwa bega, kama inavyotakiwa.

Azzan hakwenda msikitini.
Niliposhuka ngazi nilisikia juu
droo inavutwa, inagoma, inavutwa tena.
Mezani ukurasa mmoja ulikuwa umejaa.
Wa pili alikuwa ameandika neno moja tu, Bismillahi,
na wino ulikuwa bado mbichi.