Mstari wa Mpakani

Zulfa, mkasi wako uko kwangu tangu Jumatatu.
Nimeutia mafuta. Ulikuwa unauma mti badala ya kuukata.

Watu wa Mpunguzi wanatuona tukipogoa,
wewe na ushungi wako, mimi na rozari shingoni,
wanasema, tazama wale, wamepatana.
Hawajui.
Hawakuwepo siku ile jikoni kwako,
mlenda unachemka, upepo wa Agosti unapiga bati,
uliponihesabia kwa vidole waliolaaniwa:
anayekamua, anayekamuliwa,
anayebeba, anayebebewa,
anayeuza, anayekula bei yake.
Nikakuuliza, kwa hiyo na mimi, Zulfa?
Hukupepesa.
Ukasema, na wewe, Skola.
Kisha ukanipakulia ugali, ukanisogezea bakuli
upande wenye karanga nyingi.

Sikulala. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa kitandani
natunga majibu.
Nikakuvizia mpakani na harusi ya Kana:
mitungi sita, maji yaligeuka nini? Uji?
Ukasema, Isa ninayemjua mimi hakufanya hivyo.
Nikasema, Yesu ninayemjua mimi alifanya,
na wageni wakasifu.
Tukamng'ang'ania mwana wa Mariamu
huku na huku, kama kanga ya urithi,
hadi mbuzi wakaingia kwenye miche
wakala mistari miwili,
mmoja wako, mmoja wangu.

Halafu ukaja ule msimu.
Lori langu lilirudishwa getini kiwandani:
matangi yamejaa, mama, rudi nazo.
Kilo mia tisa. Jua la saa saba. Nyuki.
Nilisimama barabara ya Iringa, hasara yangu
ikianza kuchacha nyuma ya mgongo.
Ni wewe uliyekuja na chanja zako,
zile za kukaushia zabibu za Ramadhani,
na wanao wote wanne, na mama mkwe wako asiyenipenda,
tukatandaza hadi mwezi ukazama.
Hukunihubiria.
Mara moja tu, ukipindua kichala,
ulisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi:
"Angalau hizi sasa ni halali."
Nilitaka kukurushia debe.
Nilicheka.

Asubuhi ukahesabu madebe matupu.
Kumi na nane.
Jana yalikuwa kumi na tisa.
Ukautazama mlango wa stoo yangu,
mle ambamo la kumi na tisa
lilikuwa limeanza kunong'ona mtungini,
ukakohoa,
ukafunga vizuri ushungi,
ukasema, nadhani nimekosea hesabu.

Wewe, ambaye soko zima la Majengo
halijawahi kukupunja hata shilingi hamsini!

Sijakubali, Zulfa. Nawe hujakubali.
Nikitangulia mimi, utanililia
na utaogopa kwa ajili yangu.
Ukitangulia wewe, nitakaa mkekani na dada zako
nikikuombea kwa jina usilolikubali.
Kuna usiku jambo hili hunikaba kuliko vumbi.

Mwanangu aliyesoma mjini anasema dini zote ni moja,
mnagombania nini?
Namwangalia.
Ni rahisi kwake:
hajawahi kupendwa
na mtu anayeamini kwamba amepotea.

Basi, njoo uchukue mkasi.
Au uniache nimalize mstari huu wa mpakani
ambao mwaka wa tatu sasa
hatujui nani aliupanda.
Sisemi ni wangu. Sisemi ni wako.
Nasema tu, vichipukizi vimeanza kuchungulia,
na kesho ni Ijumaa,
na wewe hutatoka mpaka saa nane.