Kinena

Miaka sita niliuficha uvimbe chini ya msuli
kama mtu anavyoficha deni.
Nikikohoa, unatoka. Nikilala chali, unarudi kwao.
Ghalani Ngomeni, kabla ya kila robota la katani,
niliubonyeza kwa dole gumba, nikasema bismillahi,
nikabeba.

Wenzangu wakaniita Ngiri,
wakauliza meno ya nje nimeyaacha porini?
Nikacheka nao. Asiyecheka ndiye anayechunguzwa.

Kinena hakineni. Usiku kiliponena
nililala sakafuni nikiuma mkeka hadi alfajiri,
na pikipiki ya Mhina ikanipeleka mjini, Bombo,
nimekaa upande kama bibi harusi.

Daktari Sempoli aliurudisha kwa viganja vyake, polepole,
akanipangia Jumanne.
Kisha akaniwekea mkononi kipande cha kuonyeshea:
cheupe, chepesi, vitundu tupu,
kama chandarua kilichokatwa na panya mwenye adabu.

Nikamwambia, daktari, mimi ni mtu wa magunia.
Gunia likichanika, ukazivuta kingo ukazishona,
linachanika tena kando ya uzi.
Ndivyo alivyoshonwa kaka yangu Hoza, mara mbili,
na mara mbili mgeni akarudi.

“Basi nusu ya kazi yangu unaijua.
Wewe hatukuvuti. Tunakutandikia.”

“Na kiwavu hiki ndicho kitakachoshika?”

“Hakishiki. Nyama yako itapenya humo, ijisuke.
Matundu ndiyo yanayoshika.”

Nikauliza kama ni katani.
Plastiki, akasema. Nikaona haya kidogo kwa niaba ya Tanga nzima.

Jumanne, ganzi mgongoni, miguu ikawa ya mtu mwingine.
Nyuma ya pazia la kijani nikawasikia
wakibishana bei ya saruji.

Sasa sibebi, nahesabu. Nyapara kanipa kalamu.
Mvua ikijikusanya huko Usambara
panafinya kidogo, kama sindano iliyosahau uzi.
Nawafikiria watakaoniosha:
watapitisha maji juu ya kovu la vidole vitatu,
wanifunge sanda,
wasijue ndani nimekwishavaa nyingine ndogo.

Jana nilikohoa.
Mkono ukakimbia wenyewe kinenani kumzuia mtu,
ukakuta ukuta.
Nikauacha hapo kwa muda,
uzoee.