Nishindwe na Farasi

Duka lilifungwa Januari, siku ya theluji chafu.
Vioo vikabandikwa karatasi za kahawia,
tukapewa kila mmoja kadi, na keki iliyokatwa vibaya.
Miaka ishirini na sita nilihesabu noti nyuma ya kioo kile,
hapa Thirsk, karibu na uwanja wa mbio,
na sasa wateja wangu wananifuata jikoni
wakininyooshea simu kama watu wanaoonyesha jino bovu.

Wa kwanza alikuwa Wilf Sugden,
aliyepigilia farasi viatu vya chuma maisha yake yote,
miaka themanini na moja, vidole vimepinda kama misumari iliyong'olewa,
akibonyeza herufi moja zinaingia tatu.
"Hester," akasema, "paundi zangu mbili za Jumamosi
nizipeleke wapi? Humu ndani kila mtu ananiita rafiki."

Kampuni ya kwanza ilimwahidi bonasi ya hamsini.
Tukavaa miwani, tukashuka hadi chini kabisa,
mahali maandishi yanapokuwa madogo kama mayai ya chawa.
Vigezo na masharti: hamsini zizungushwe mara thelathini na tano
ndani ya siku saba, ndipo ziitwe zako.
Wilf akaifuta kwa kidole gumba, taratibu,
kama mtu anayepangusa kinyesi kwenye kwato.

Ya pili ilikuwa na nambari ya leseni, kwa rangi ya dhahabu.
Sikuihakiki palepale ilipojisifia;
mwizi hashindwi kujiandikia barua ya sifa.
Nikaitafuta kwenye daftari la mamlaka yenyewe.
Ilikuwa ya ukumbi wa bingo, uliokufa zamani.

Ya tatu haikuahidi kitu.
Ilianza kwa kuuliza: kwa wiki, usizidi kiasi gani?
Wilf akaandika nne. Akafuta. Akaandika tatu.

Ndipo nikamfundisha neno ambalo dukani sikuwahi kulitamka:
weka kumi, usimguse farasi yeyote,
kisha ziombe zirudi.
Kuweka harusi, kutoa matanga.
Nyumba huijui unapoingia na pesa,
utaijua unapotaka kutoka nazo.

Tukangoja. Jumatatu kimya.
Nilichemsha chai, nikamkumbuka Clifford Ackroyd,
alivyosimama mbele ya kioo changu na kodi ya nyumba mkononi,
binti yake nje, na koti la shule, akipuliza mvuke kwenye dirisha letu
na kuchora nyuso ndani yake.
Nilimpa risiti. Nikamtakia bahati njema.
Leseni yetu ilikuwa safi, ilining'inia ukutani kwenye fremu.

Hayo sikumweleza Wilf.

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, simu ikalia:
kumi zimerudi, kamili,
hakuna aliyedai picha ya pasi wala bili ya umeme.

Jumamosi akaweka mbili kwa jike wa kijivu, Majivu ya Askofu,
kwa kuwa bibi yake huyo farasi
aliwahi kumng'ata bega akimpigilia kiatu cha nyuma.
Walikimbia saba. Akaja wa sita.

Wilf akanitazama juu ya miwani.
"Wameniibia?"
"Hapana, Wilf. Umeshindwa na farasi."
Akacheka mpaka akakohoa, akatafuta kofia yake.
"Basi sawa," akasema. "Huyo ukoo wake naujua."